Usingizi wa Nyanda

Daktari Selestine alikuwa mtoto wa wakulima wa Litapunga, watu waliotoka Burundi wakazeekea kwenye mahindi na mihogo. Aliosoma nao wengi walibaki kwenye miji mikubwa. Yeye alirudi Mpanda, akapanga nyumba Majengo, akawa daktari wa wodi ya wanaume. Hakuwa mwongeaji, lakini manesi walimjua: ugonjwa asiouelewa ulikuwa unamnyima raha.

Kiangazi kimoja akaletwa Nyanda, mrina asali wa Ugalla. Homa ilikuwa imemla vya kutosha. Alipewa dawa za malaria, hazikumsaidia. Akapewa za taifodi, akazidi. Sasa alishinda amelala, na akiamshwa anamtukana mkewe Monika, ingawa tangu waoane hakuwahi kumfokea.

"Ndugu zake wanasema amerogwa," Monika alisema. "Wanataka nimtoe hapa."

Selestine akampapasa mgonjwa shingoni, akakuta tezi zimevimba. Akamgeuza. Nyuma ya bega palikuwa na kovu jeusi la kidonda kilichokauka.

"Hiki kilitokana na nini, mama?"

"Aling'atwa na mbung'o porini. Wako wengi kule, Daktari. Tumeshawazoea."

Selestine akalitazama tena lile kovu. Ugonjwa aliokuwa anaufikiria alikuwa ameusoma chuoni tu. Akapeleka damu maabara yeye mwenyewe, wakaweka tone bichi chini ya darubini. Katikati ya chembe za damu, vitu vyembamba vilikuwa vinajinyonganyonga kama samaki kwenye tope. Malale, ugonjwa wa usingizi.

Maji ya uti wa mgongo yakaonyesha vimelea vimeshafika kwenye ubongo. Dawa haikuwepo Mpanda. Selestine akashika simu, akaomba, akagomba, akaomba tena. Gari la dawa likiwa njiani, moyo wa Nyanda ukaanza kwenda ovyo. Dawa ilimkuta angali hai. Wakamwanzishia, wakamwekea oksijeni, lakini moyo ulikuwa umeshachoka, ukasimama.

Monika hakupiga yowe. "Tungemleta mapema?"

"Pengine angepona," Selestine akasema. Hakuweza kumdanganya. "Porini alikuwa na nani?"

Alikuwa na Yotham, mdogo wake Monika, aliyekuja kuuchukua mwili. Alikuwa amesimama mlangoni kavaa koti, anatetemeka kwenye jua kali. Wakampima palepale. Vimelea vilikuwemo kwenye damu, ila ubongo ulikuwa bado salama.

"Nimzike kwanza shemeji yangu," Yotham akasema, "halafu nitarudi."

"Ukiondoka, dada yako atazika wawili."

Yotham akamtazama dada yake. Monika akamshika mkono, akamkalisha kwenye kitanda kilekile alichotolewa Nyanda, kwa sababu kingine hakikuwepo. "Baki hapa," akamwambia. Akapanda gari na mwili peke yake.

Yotham alipona. Siku ya kuruhusiwa, Selestine alimsindikiza mpaka getini, akamwuliza atafanya kazi gani sasa.

"Mizinga iko kulekule, Daktari," Yotham akasema. "Na watoto wa dada wanataka kula."

Selestine akampa mkono, akarudi wodini.