Matembezi ya Presha

Katika idara yetu ya afya, mkutano wa kupambana na kisukari huanza kwa sala, kisha chai. Chai yenyewe hupikwa na maziwa na sukari ndani ya sufuria moja, kwa hivyo asiyetaka sukari hunywa maji au hufunga. Mandazi hufuata. Nimekuwa afisa wa kinga hapa Eldoret kwa miaka mingi, na sijaona mtu akikosa mkutano wa kisukari.

Mwaka ninaousimulia ajenda ilikuwa matembezi ya afya. Kila mwaka wakubwa walishuka kwenye magari, wakatembea kipande kifupi mbele ya kamera, wakapanda magari tena kwenda kula mbuzi. Kuuliza kama matembezi hayo yaliwahi kumshusha mtu yeyote presha kulihesabiwa kuwa utovu wa adabu, na mimi niliuliza.

Nilikuwa na sababu. Msimu uleule wa mavuno, muuguzi mwenzangu na mimi tulikuwa tumepeleka mashine za kupima presha Moi's Bridge, kwenye foleni ya wakulima wanaosubiri kuuza mahindi kwa ghala la serikali. Wanaume wa huku hawaendi kliniki mpaka wabebwe, lakini kwenye foleni ya mahindi hawabanduki hata mvua inyeshe mawe. Tuliwapima wakiwa wameegemea magunia. Waliokuwa na presha walipewa dawa na siku ya kurudi, na wengi walirudi, maana mahindi yao nayo yalikuwa bado hayajanunuliwa. Tulipolinganisha na kliniki kwa idadi ya waliorudi kuchukua dawa, foleni iliishinda mbali sana. Niliandika ripoti hiyo kwa furaha ya kijinga kabisa.

Mkubwa wetu aliisoma, angalau ukurasa wa kwanza, akasema ni kazi nzuri ila foleni haina picha. Kisha akaamuru mashine zote ziwe kwenye hema la matembezi, siku ileile tuliyowaahidi wakulima. Nilimwambia watu wana presha na dawa zao zinakwisha. Akanitazama kwa huruma.

"Sisi hapa ni watu wa mbio," akasema. "Presha itatupatia wapi?"

Yeye mwenyewe hupanda ngazi za ofisi akipumzika njiani. Lakini hiyo ndiyo imani yetu huku: jirani akishinda mbio ng'ambo, mtaa mzima umefanya mazoezi.

Niliwapigia wakulima simu, nikawaomba waje mjini. Wengi walisema hawawezi kuacha foleni. Alikuja mzee mmoja wa Chepsaita, mrefu, mkavu, amevaa koti na gambuti, akifuatana na mkewe. Alikuwa mgonjwa wa kutamanika, amepunguza chumvi na kumeza dawa bila kukosa, na sasa zilikuwa zimekwisha. Nilimweka kwenye mstari wa hema. Mbele yake walikuwa wamejaa vijana wakimbiaji, wanapimwa mmoja baada ya mwingine kwa ajili ya kamera, presha zao safi kama maji ya kisima.

Hapo mkubwa akamwona mzee. Akamtoa kwenye mstari, akamvika fulana ya matembezi juu ya koti, akamsimamisha mbele kabisa.

"Mkubwa, mimi sikukuja kutembea," mzee akasema. "Nimekuja kupimwa presha. Dawa imeisha."

Watu wakacheka, mkubwa akamwahidi atapimwa wakirudi. Mzee ni wa rika lile linaloheshimu serikali, akatembea. Nilitaka kumfuata na mashine, lakini nilikuwa nimepewa bango nishike upande mmoja, nalo lilisema Kinga ni Bora Kuliko Tiba. Tuliporudi hema lilikuwa limekunjwa, mashine na dawa zimefungiwa kwenye gari, na dereva ameenda kwa mbuzi na funguo mfukoni.

Nilimsihi yule mama, mkewe mzee, ampeleke kliniki kesho yake asubuhi. Alikubali. Asubuhi hiyo ghala likaanza kununua mahindi, mzee akasema apitie foleni kwanza. Alianguka hapo hapo kwenye magunia, na upande wake wa kulia haujarudi.

Ripoti ya matembezi ilisema waliopimwa karibu wote walikuwa na presha nzuri, na kwamba huo ni ushahidi kuwa matembezi yanafanya kazi. Nilikasirika, na ninapoandika haya bado nimekasirika. Tulikuwa tumewapima wakimbiaji tukajipongeza kwa afya ya wakulima.

Wiki chache baadaye mabango mapya yalitoka kiwandani, yakatundikwa hadi kwenye ukumbi wa kliniki. Mama alimleta mzee kwa kiti cha magurudumu, akakiegesha chini ya bango moja: mzee mwenyewe, fulana juu ya koti, mguu mmoja mbele, mkubwa amemshika mkono. Mzee aliliangalia; maneno nayo sasa yalikuwa yanamtoka kwa shida. Nilitamani sakafu inimeze. Mama akanigeukia.

"Daktari, unaweza nipatia hii picha? Ndio ya mwisho akiwa amesimama."

Niliibandua ukutani nikamkunjia. Mchana mkubwa alipita, akaona ukuta mtupu, akaagiza itundikwe nyingine. Zilikuwa zimebaki nyingi.