Waya wa Roseline

Luseno alikuwa amechoka, na nani asingechoka? Nyumbani kwake Njiru mfereji ulikuwa haujatoa hata tone wiki nzima, na fundi wa kampuni inayouza maji hayo ni yeye mwenyewe. Kila siku Selpher, mkewe, alipandisha mitungi hadi ghorofa ya nne na mgongo wake ule mbovu, huku majirani wakimwuliza ngazini mzee wake anasemaje. Alijibu kwamba mzee amesema ni stima imekatika. Ndivyo Luseno alivyomwambia, na aliamini hivyo.

Ofisi ya kampuni iko Industrial Area, imepakana na Mukuru kwa Reuben. Humo kuna rafu ya modemu, moja kwa kila tangi la mtaani. Modemu hupokea habari za tangi kwa simu, na waya huzifikisha kwenye seva, kisanduku chenye matundu mengi mgongoni. Seva ikiambiwa tangi limepungua, inawasha pampu ya tangi hilo. Wiki iliyopita Luseno alifunga seva mpya, akachomoa nyaya zote na kuzirudisha, tumbo tupu na macho mazito.

Leo amepiga magoti tena nyuma ya rafu. Taa zote zinametameta vizuri, hakuna inayomwonyesha kosa, na hilo ndilo linalomtia uchungu.

"Unatengeneza ama unasali?" akauliza Mideva, karani anayeangalia skrini. "Tangi la Njiru linasema limejaa pomoni. Halijasema lingine tangu uweke hiyo seva."

Limejaa vipi, na mkewe anabeba mitungi? Luseno akaufuata kwa kidole waya uliochomekwa tundu la Njiru mpaka kwenye kipande cha plasta chenye jina. Roseline.

Maana Luseno hana haja na nambari. Kila waya huupa jina la mlinzi wa tangi, kwa sababu kukiharibika atampigia mtu, hatapigia nambari. Sasa Roseline wa Njiru na Opicho wa Shauri Moyo walibadilishana vituo Pasaka. Majina kwenye plasta Luseno aliyabadilisha vizuri, waya wa Roseline sasa ukawa wa Shauri Moyo; mazoea ya mkono wake hakuyabadilisha. Akamchomeka Roseline tundu la Njiru kama zamani, na Opicho la Shauri Moyo. Basi Njiru ikilia kiu, inayowaka ni pampu ya Shauri Moyo, na maji yanamwagika mtaroni huko.

Akabadilisha nyaya hizo mbili.

"Njiru ni tupu," akasema Mideva. "Pampu imewaka."

Luseno akakaa palepale sakafuni, aibu imemjaa, akampigia mkewe.

"Maji yanakuja, Mama Shirleen. Jioni yatafika."

"Asante Mungu. Na hao watu wa stima wakome. Majirani nimewaambia, mume wangu si wa kubahatisha."

Angeweza kuyaacha hapo. Akashindwa.

"Haikuwa stima. Ni mimi. Nilichanganya nyaya."

Selpher alikuwa akihema, na Luseno akamwuliza yuko wapi.

"Nimekaa ngazini, ghorofa ya pili. Mgongo umekataa," akasema. "Mtungi uko hapa kando yangu. Njoo uumalizie wewe."