Nyasi za Bibi Juu ya Kichanja

Achana na hiyo hadithi ya uchawi, rafiki yangu. Punda wa bibi alinenepa kwa nyasi. Nyasi! Leo hapa Mpanda nimempita mtu anashusha mafungu ya nyasi kavu sokoni, ile harufu kama majani ya chai ikanikamata puani, na hasira yote ikarudi.

Tulikaa nje kidogo ya Kibaoni, mimi, bibi na punda wetu wa kubeba maji. Mvua zikikaribia kuisha, nyasi bado laini, hazijatoa mbegu, bibi anashika mundu. Watu wanamcheka: "Unakata ya nini na porini zimejaa?" Kazi yangu ilikuwa kuzigeuza zikauke. Bibi anachukua konzi moja, anaikunja karibu na sikio. "Ikilia imekauka. Ikinyamaza itaoza." Halafu tunapandisha kichanjani, juu ya banda, vumbi linatuingia machoni. Macho ya bibi yakawa mekundu moja kwa moja. Hayo macho, usiyasahau.

Kiangazi kikishika, nje yamebaki mabua. Punda wa jirani mbavu zote nje, wetu anang'aa. Jirani naye, akiona wake kalegea, anammwagia pumba ndoo nzima. Tumbo linajaa kama ngoma, mnyama anagaagaa.

"Mwanangu," bibi akamwambia, "tumbo la punda ni jiko la kuni. Chochea kidogo kidogo. Nyasi siku nzima, pumba kiganja tu."

"Bibi nawe! Nyasi gani hizo, na mvua hakuna?"

Bibi roho nyeupe, akampandisha kichanjani akaone. Jirani akanusa, akanusa tena, akashuka huku bado anatazama juu. Mimi ule mtazamo sikuupenda.

Haikupita wiki punda wake akafa. Kisimani tukifika, wanawake wananyamaza. Tukigeuka: "Macho mekundu, punda mnene, zile nyasi ni dawa." Na wewe unajua huku kwetu bibi kizee mwenye macho mekundu anafanywa nini. Shangazi akaja na bodaboda kutoka Majengo, huku mjini, akamchukua bibi pamoja na mimi siku hiyo hiyo, bibi na kanga moja tu mkononi. Punda akabaki. Kichanja kikabaki kimejaa.

Kiangazi hakijaisha nikatumwa kuchukua masufuria. Kichanja cheupe, kama kimefagiliwa. Nyasi zote ziko juu ya banda la jirani, na chini yake punda wetu anatafuna taratibu, mnene vilevile.

"Namtunzia tu bibi yenu," akasema, hanitazami.

Bibi alizikwa mjini. Mpaka mwisho akiona fungu la nyasi alichomoa konzi, akaikunja sikioni, akasikiliza. Pale kwetu sasa ni shamba la mahindi, la jirani huyo huyo, na wewe unakaa hapa unamtetea.

Haya nijibu: kama zilikuwa dawa, mbona jirani mwenyewe alimlisha punda?