Mama Sukuma na Mkutano Uliozaa Matunda

Mkunga wa zahanati ya bondeni walimwita Mama Sukuma, maana nusu ya mtaa ule walipozaliwa walisikia sauti yake, "Sukuma!", kabla ya sauti ya mama mzazi. Hakuogopa damu wala mganga mkuu. Alichoogopa ni mto.

Zamani mto ulikuwa na adabu zake, ukijaa unaishia kwenye mawe. Siku hizi unaingia wodini bila hodi. Mvua zilizopita, mama mmoja alijifungua kitanda kikiwa juu ya matofali, na mkunga mwenyewe maji yako magotini, akiomba kichanga kisimteleze. Tangu hapo alikuwa na ombi moja tu: wodi ihamishiwe kilimani kabla ya mvua nyingine. Afisa wa mazingira akamwambia asubiri mkutano wa dunia wa tabianchi, fedha zitatoka huko.

Haya, akasubiri. Afisa aliporudi, kitambulisho cha mkutano bado kinaning'inia shingoni, Mama Sukuma akampandia ofisini kilimani.

"Shikamoo mama. Habari njema! Mkutano umezaa matunda."

"Marahaba mwanangu. Matunda sikuyafuata. Wodi je?"

"Nchi zilizochafua hewa zimehimizwa kuchangia nchi kama yetu."

"Zimehimizwa?"

"Kwa dhati, mama. Sisi tulitaka iandikwe 'zitalazimika', wenzetu wakakataa katakata."

"Na mwaka jana?"

"Zilihimizwa pia. Ila bila 'kwa dhati'."

Mama Sukuma akaguna. "Mwanangu, kuhimiza ndiyo kazi yangu. Ukihimiza wee, ukahimiza, na kitu hakitoki, huo si uchungu, ni gesi! Moshi watoe wao, maji niogelee mimi, halafu niwabembeleze?"

"Diplomasia ina hatua zake, mama."

"Mwambie mto. Wingu lile pale."

Asubuhi iliyofuata manyunyu yakaanza. Wauguzi na waume wa wajawazito wakapandisha vitanda kilimani, mguu kwa mguu, mpaka kwenye chumba cha mikutano cha afisa, chenye sakafu kavu na zulia. Meza ndefu ikatolewa nje, ikalowa.

Afisa akaja mbio. "Mama! Hiki ni chumba cha serikali!"

"Na watakaozaliwa humu ni wa jirani?"

"Sasa nitarudishiwa lini?"

"Wodi ikijengwa," akasema, akamfungia mlango, maana ndani tayari kulikuwa na mtu aliyeshikwa na uchungu.