Pampu ya Ubwari yenye haikukunywa mazutu

Bakubwa wa ukumbi, jambo yenu. Leo naleta kitu nilifanya na mikono yangu mwenyewe, na sitatia chumvi. Mwenye hataamini, Ubwari iko pale, aende aulize bamama.

Ilikuwa wakati wa Zaïre, chama kimoja, kila mutu anaitwa "citoyen", mwananchi. Mi nilikuwa soudeur kijana, fundi wa kuchomelea vyuma, hapa Baraka.

Batu wa kwetu banajua: Ubwari ni rasi, lakini maisha yake ilikuwa ya kisiwa. Barabara hakuna. Chumvi, sabuni, mazutu (ile dizeli ya mashine), vyote vilikuja na mutumbwi.

Dispensaire, zahanati ya kule kilimani, ilikuwa na pampu ya mazutu. Ililala miezi mingi sababu mazutu haikufika. Mama akija kuzaa, ndugu zake ndio balipandisha maji na ndoo kichwani. Dada yangu alizalia pale, kwa hiyo hii kitu iliniuma.

Fundi mumoja muzee akanifundisha bélier, pampu yenye kusukumwa na maji yenyewe. Maji ya muto inashuka kwa tuyau, bomba ya chuma, inapiga kamulango ka chuma, kanajifunga ghafla, na maji kidogo inarushwa juu kilimani. Ile ingine inamwangika chini. Tok, tok, muchana na usiku, bila tone ya mazutu. Niliiunganisha na vipande vya tuyaux za zamani.

Tuliiweka kwa salongo ya Jumamosi. Munakumbuka salongo, ile kazi ya lazima? Kawaida batu balikuwa banajificha. Mara hii, balikuja bila kufukuzwa.

Maji ikafika dispensaire. Nilirudi Baraka naimba njia nzima, na sauti yangu ni mubaya sana.

Wiki mbili tu, habari ikanifikia: pampu imekufa. Na chef, mukubwa wa serikali wa pale, amesema kama haijatembea mpaka Jumamosi, tuyaux zote zinang'olewa, zinaenda kwa bureau, ofisi yake. Nikavuka ziwa mbio.

Nafika, naona nini? Kamulango kamefungwa na kipande cha kitenge, fundo la nguvu kabisa.

Nikauliza kwa hasira ni mujinga gani amefanya hivi. Akasimama Mama Wilondja, mukubwa wa bamama wenye kuteka maji.

"Ni mi," akasema. "Nabeba maji na kichwa tangu nikiwa mutoto. Nikiona ile inamwangika bure, moyo inaniuma. Weye hujabeba hata siku moja."

Alikuwa na haki. Pampu nilikuwa nimeieleza kwa banaume tu, bamama nikabapita.

Basi nikafungua lile fundo, nikamuomba akasukume kamulango yeye mwenyewe. Nikamueleza: hii yenye kumwangika ndiyo inapata nguvu ya kurusha ile ingine, halafu inarudi kwa muto, mashamba ya chini inakunywa.

Akasukuma mara tatu, ine. Ikashika. Tok, tok. Akaweka mukono juu ya chuma.

"Kumbe moja inamubeba mwenzake," akasema.

Jumamosi chef akakuja, akakuta mapipa ya dispensaire inajaa. Akanawa mikono na ile maji, akaenda zake bila kung'oa kitu.

Mwaka wenye kufuata, kaoutchouc, ule mupira wa ndani ya kamulango, ikaisha. Bakanitumia habari, nikavuka na vyombo vyangu vyote. Nikifika, pampu inapiga! Mama Wilondja alikuwa amekata kaoutchouc mupya kwa chambre à air, tyubu ya ndani ya baiskeli.

"Tumeona unachelewa, fundi," akaniambia. "Kula samaki, urudi kwako."

Nilikula. Bakubwa, nimetengeneza vitu mingi maishani, lakini sijajivuna kama siku ile habakunihitaji.

Funzo yangu ni hii: mashine yenye inakufa fundi akienda, hukubaletea batu, ulibaazima tu. Na ueleze kwanza yule mwenye kubeba ndoo.

Nyinyi wa Idjwi, wa Ukerewe, wa visiwa vyote: kwenu nani anajua kufungua pampu? Mwageni habari yenu hapa chini, hata ya kunipinga. Niko nasoma.