Hewa Kwenye Bomba la Dizeli

Kaka yangu alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai, na pikapu yetu ya petroli ilimtia aibu. Kwetu Boito mvua hunyesha karibu kila alasiri, na maji yakifika kwenye plagi gari linazima njiani na mzigo wake wa majani. Injini ya dizeli, alinieleza, haina plagi. Inabana hewa mpaka inapata moto, na mafuta yanawaka yenyewe. Basi alinunua injini ya trekta lililopinduka, akachonga bamba la chuma la kuiunganisha na giaboksi, na kwa miezi kadhaa Jumamosi zake zote ziliishia chini ya ile pikapu.

Ilipowaka, vioo vilitetemeka. Wanaume wa kituo cha kuuzia majani walisema ni trekta limevaa koti. Lakini ilipanda mlima kwenye mvua bila kukohoa, na dereva nilikuwa mimi.

Jambo moja alinikataza: nisiache tangi likauke. Nilidhani anaogopa nitakwama mbali. Wakati wa petroli tulizoea kwenda na mafuta kidogo. Yakiisha unamimina ya mtungi, unapiga stata, unaendelea.

Asubuhi moja mama alibanwa kifua, kaka akiwa kazini. Tulimlaza nyuma juu ya godoro, shangazi akampakata kichwa, tukashika njia ya hospitali ya Kaplong. Hatukuwa tumefika mbali mafuta yalipoisha. Sikushtuka. Nilimimina ya mtungi, lakini injini ilikataa. Nilipiga stata mpaka betri ikafa. Wachumaji wa chai waliacha vikapu vyao wakatusukuma, kama tulivyozoea kusukuma ile ya petroli, mteremko mzima mpaka darajani. Haikuwaka.

Mtu alikimbia kumwita kaka. Alikuja na spana moja. Alilegeza nati ya bomba la mafuta, akabonyeza pampu ndogo kwa kidole gumba. Likatoka povu la hewa iliyoingia tangi lilipokauka, povu tena, kisha dizeli tupu. Akakaza nati. Tulisukuma hatua chache tu, ikanguruma. Nilipogeuka, shangazi alikuwa amekwisha kumfunika mama uso.

Mazishini watu walisema injini ya kulimia haifai kubeba mgonjwa. Walisema kaka akisikia. Baadaye nilimfuata zizini, nikamwambia Jumapili nitasimama kanisani niwaeleze kwamba tangi nililikausha mimi.

“Waache waseme injini,” alisema. “Injini haina mama.”

Nilikubali, kwa sababu ilinifaa. Wawili waliotaka awabadilishie injini za magari yao hawakuja tena, na yeye hakugusa tena gari la mtu. Sasa naye ametangulia. Siku ya kumzika niliitwa niseme neno. Nilisema alikuwa mtu mpole, nikarudi kuketi.