Chura Aliyekatazwa Maji

Mume wangu wanamwita Chura. Jina hilo hakulipata kwa sura, ingawa atakayesema linamfaa kwa sura pia sitabishana naye. Kwenye uwanja wa gofu kuna bwawa, na wachezaji, hata wale wenye viatu vinavyong'aa, hupiga mipira yao humo ndani kana kwamba wametumwa. Kazi ya Chura, miaka ishirini na tisa, ilikuwa kuingia majini na kuiopoa.

Maji yale ni tope tupu, jicho halioni kitu. Chura huona kwa nyayo. Anavua viatu, anakunja suruali, anakwenda taratibu akipapasa chini, na kidole gumba kikigusa mpira anaubana kwa vidole vya mguu na kuuinua mpaka mkononi. Kila mchezaji ana alama yake, nukta au mstari wa wino, na Chura alimrudishia kila mtu wa kwake. Najivunia sana kazi yake. Sijapata kumwambia, maana kile kichwa hakihitaji kuvimba zaidi.

Basi miguu ikaanza kumsumbua, vidonda havifungi. Daktari akaitazama, akasema maji ya bwawa mwisho leo, hata kifundo kisilowe. Msimamizi wa uwanja, kijana mwenye adabu, aliposikia akamwambia, "Mzee, ukipata namna ya kuopoa ukiwa nchi kavu, kazi ni yako. Nakupa wiki mbili. Usipopata, itabidi ukapumzike nyumbani. Na nikikuona umetia mguu majini, ndiyo basi, sitaki lawama."

Kupumzika nyumbani! Yeye aliingiwa na huzuni, mimi niliingiwa na hofu. Siku ya kwanza alinifundisha kuanika nguo. Siku ya pili akapanga upya sufuria zangu, kubwa mbele, ndogo nyuma, eti kwa utaratibu. Siku ya tatu nakoroga uji, nikamsikia anapumua nyuma ya sikio langu.

"Moto mwingi huo."

"Mzee," nikamwambia bila kugeuka, "tengeneza hicho chombo cha kuopolea kabla sijakutengeneza wewe."

Akaanza siku hiyohiyo. Alichukua bomba jembamba la antena ya zamani, refu kumshinda yeye mara mbili. Nchani akafunga pete ya waya, kubwa kidogo kuliko mpira wa gofu, na katikati ya pete akapitisha lastiki mbili, alizozichomoa kwenye gagulo langu bila kuniuliza. Ukigandamiza pete juu ya mpira, lastiki zinaachia, mpira unapenya. Ukishapenya, hautoki mpaka uutoe kwa mkono. Alikijaribu kwenye beseni la kufulia. Tap! Mpira ukaingia. Tap! Tena. Hata mimi nikampigia makofi, na jambo hilo halitokei mara nyingi.

Angeishia hapo, angekuwa mtu mwenye akili. Lakini akaona bomba litamchubua viganja, akalizungushia vipande vya blanketi kuukuu pale pa kushikia, tabaka juu ya tabaka, likawa nene kama mto wa mtoto.

"Sasa utajuaje kama umegusa mpira?" nikamuuliza. "Mimi nikishika mwiko najua uji umeshika chini au bado. Ukiufunga mwiko blanketi, utajua nini?"

"Huo ni upishi. Huu ni ufundi."

"Kwenye beseni ulikuwa unauona mpira kwa macho."

"Mama, niachie kazi yangu."

Nikanyamaza. Hapana, nisiseme uongo: nilimwambia mara tatu zaidi, naye mara tatu akajifanya amelala.

Siku ya majaribio nikavaa gauni langu pana la kutokea, nikamfuata.

"Wewe unafuata nini huko?"

"Nafuata mume."

Wabeba mifuko ya wachezaji walikuwa kwenye benchi lao karibu na bwawa. Walipomwona wakapiga kelele: "Chura kavaa viatu leo! Shemeji, umemleta nchi kavu atakauka!"

"Mkalisheni na nyie kwenye benchi lenu basi," nikawajibu. "Si ndiyo kazi mnayoiweza, kukaa?"

Msimamizi akatusalimia, akasema anakwenda kukagua mfereji upande wa pili. Akirudi aone mipira mitano. Akaondoka.

Chura akazamisha chombo chake. Akasukuma, akagandamiza, akainua: tope. Akarudia: jiwe. Mara ya tatu akaleta ndala.

"Pacha wake yuko wapi, Chura?" benchi zima likaangua kicheko.

Nami nilikuwa tayari kucheka, sitaficha. Ila nikamtazama mikono. Ilikuwa imelikaba bomba kwa nguvu zote. Miaka ishirini na tisa hakuna aliyemcheka kwenye bwawa lile, na sasa alikuwa anasukuma bomba huku na huku kama mtu aliyepotelewa na nyumba yake mwenyewe. Kicheko kikaniishia.

"Toa blanketi," nikamwambia taratibu.

"Sitoi."

"Basi natoa mimi."

Lile fundo la blanketi alilifunga kwa ukaidi wake wote. Nililing'ata kwa meno, nami meno ninayo machache. Nikavuta vipande vyote, nikamrudishia bomba tupu.

"Shika kwa vidole, usikabe. Na usiyatazame hayo maji, yanakudanganya. Fumba macho."

Akaniangalia kwa hasira, kisha akafumba. Bomba likaanza kutembea chini kwa upole. Likasimama.

"Jiwe," akasema. Likaendelea, likasimama tena. Midomo ikamcheza. "Huu."

Akagandamiza, akainua. Mweupe, una nukta ya buluu.

"Wa daktari wa meno," akasema, bado kafumba macho nusu. "Nilijua tu. Huyo hupigia hapahapa kila Jumamosi."

Ukaja wa pili, wa mwenye duka la vitambaa, wenye mistari miwili. Wa tatu. Wa nne. Mimi napokea, napanga kwenye nyasi, yeye kafumba macho, anafuata bomba linakompeleka, anatabasamu peke yake. Alipoinua wa sita ndipo nilipotazama chini. Mguu wa kulia, kiatu na soksi, ulikuwa majini hadi juu ya kifundo. Na msimamizi anakuja.

Nikasimama mbele ya mume wangu, nikatandaza gauni.

"Mama, sogea kidogo nimwone mzee."

"Si unamsikia anahema? Mzima huyo. Tazama mipira, mwanangu. Ulisema mitano, hiyo sita."

Akatazama mipira, akatazama benchi. Wale wabeba mifuko, midomo yote ile, hakuna aliyefumbua.

"Kesho saa moja asubuhi, mzee," akasema. "Na hongera."

Alipokwisha kwenda zake, nikageuka.

"Toa mguu."

"Mguu gani?"

"Huo ambao daktari ataukata nikimwambia."

Tulirudi nyumbani kiatu kikilia chwa, chwa, njia nzima, naye akinieleza kwa kirefu jinsi alivyogundua mwenyewe kwamba bomba hushikwa kwa mkono mtupu.